Kidawa na Kabati la Bwana Kenge

Paukwa.

Pakawa.

Palikuwa na nini?

Palikuwa na kabati.

Liko wapi?

Liko kwa fundi.

Hapo mmeitikia vizuri, watoto. Ila kuna mtu mmoja pale kwenye mkeka, kashika kikombe cha chai, kajifanya anapuliza. Fundi Chande, na wewe itikia. Kabati liko wapi?

"Liko kwa fundi, Bi Saumu."

Ahsante, baba.

Najua ngano ni za usiku. Najua na hayo mnayoambiana, kwamba anayesimulia mchana anaota mkia. Acha niote. Sasa hivi ni saa kumi alasiri, na fundi Chande amekuja kupima upya kabati langu la vyombo, lile alilolipima kwanza kabla ya Ramadhani ya mwaka juzi. Nikingoja usiku atakuwa ameshaondoka, na huyu akiondoka hapa simu yake haipatikani mpaka mwezi mwingine uandame. Kwa hiyo kaeni. Na wewe fundi kaa, vitumbua vipo, viatu umeshavua, hakuna haraka.

Hapo zamani, zamani ile ambayo hata fundi alikuwa akisema kesho ni kesho, kulikuwa na bwawa lenye matete mengi, na humo bwawani waliishi vyura saba, ndugu wa tumbo moja. Mkubwa wao aliitwa Mashavu, kwa sababu ambayo ukimwona huulizi. Mdogo kabisa aliitwa Kidawa, na huyo hakuzidi ndimu.

Kikaja kiangazi. Jua likapiga, likapiga, likapiga. Maji yakawa tope, tope likawa udongo, udongo ukapasuka. Vyura wakajifukia chini kwenye unyevunyevu, wakanyamaza, wakangoja mvua. Chura ndivyo alivyo. Jua likimkausha ngozi, habari yake imekwisha.

Sasa jirani yao alikuwa nani? Bwana Kenge. Kenge mwenye mwili wa kutisha, mkia wa kutisha, na roho ya kula inayotisha kuliko vyote. Yai anakula na ganda lake. Kuku anakula na manyoya yake. Huyo bwana siku moja akapita pale bwawani, akasimama, akanusa. Fu, fu, fu. Akafukua. Chaka, chaka, chaka. Akamtoa wa kwanza. Akanusa, fu, fu, fu, akafukua, chaka, chaka, chaka, akamtoa wa pili. Sitawasimulia wote saba, chai ya fundi itapoa. Akawatoa wote, mpaka Kidawa.

Hakuwala palepale, kwa sababu alikuwa ametoka kumla bata mzima na tumboni hapakuwa na nafasi hata ya inzi. Lakini mroho ni mroho, hata akishiba haachi kitu. Akaenda nyuma ya hoteli, kwenye jalala, akaokota chupa saba za achari, zile zenye midomo mipana. Akatia tope kidogo katika kila chupa, akatia chura, akafunika kifuniko chenye matundu. Akazipanga chini, pangoni kwake, mstari mmoja. Chupa hazikuoshwa. Vyura walipiga chafya za pilipili kutwa nzima. Chya, chya, chya.

Kesho yake asubuhi njaa ikamrudia Kenge. Akafungua chupa ya kwanza, akamshika Mashavu mguu mmoja, akamning'iniza, akafumbua kinywa, kinywa kikafumbuka mpaka kikatoa ukungu.

Kidawa akasema kutoka chupani, "Shikamoo, Bwana Kenge."

Sasa nyinyi mnajua, shikamoo lazima iitikiwe, hata kama una chakula mdomoni. Kenge akafumba kinywa. "Marahaba."

"Samahani, bwana. Unakula chini?"

"Nakula chini ndiyo. Kwani vipi?"

"Hapana, nimeuliza tu. Endelea, bwana. Ni kwamba kwa Bwana Mamba hawali chini."

Kenge akamshusha Mashavu kidogo. Huyo Mamba alikuwa amemwoa dada yake Bi Kenge, msiniulize ilikuwaje, na tangu siku ya harusi wanaume hawa wawili walikuwa wakishindana. Mamba akinunua mkeka, Kenge anataka mikeka miwili.

"Kwa Mamba kuna nini?" akauliza.

"Kwa Mamba kuna kabati, bwana. La mbao. Rafu juu, rafu katikati, rafu chini. Chakula chake chote kimepangwa kwenye chupa. Mgeni akiingia, kabla hajakaa ameshajua huyu bwana ni mtu wa namna gani. Lakini si lazima. Wengine tunakula chini, ndiyo maisha."

Kenge akaziangalia chupa zake pale chini, na mavumbi yake. Akaona aibu, na aibu ya Kenge huanzia mkiani.

"Nani anatengeneza kabati?"

"Mimi," akasema Kidawa. "Mimi ni fundi seremala. Baba yangu fundi, babu yangu fundi."

Mwongo mkubwa. Kidawa hakuwahi kushika hata msumari. Lakini kiangazi kimoja aliwahi kuishi nyuma ya mtungi wa maji katika nyumba ya watu, na sebuleni kwa watu hao palikuwa na kabati la vyombo. Alichokiona pale ndicho kilichomtia ujasiri wa kusema vile. Aliona nini? Nitawaambia, msinikimbize.

Kenge akamrudisha Mashavu chupani, akamfunika. "Haya. Sitamla hata mmoja mpaka muwe mmepangwa kabatini. Lakini kabati likiisha, siku hiyohiyo nakula. Naanza na huyu wa mashavu, namalizia na fundi."

Basi mambo yakawa hivyo. Nje jua kali, chura akitoka hafiki hata kwenye matete. Ndani Kenge, amelala mlangoni. Mvua ikija, vyura wamepona. Kabati likiisha kabla ya mvua, vyura wameliwa. Kidawa akatolewa chupani aanze kazi. Akatazama mbinguni kupitia tundu la pango. Hapakuwa na wingu hata la kufutia jasho.

"Fundi, anza," akasema Kenge.

"Bwana, umeona wapi fundi anaanza na njaa?"

Kenge na mwili wote ule akaenda jalalani kukamata inzi. Ngap, ngap, ngap. Akaleta. Kidawa akala, akajifuta mdomo, akauliza, "Na wasaidizi wangu?"

"Wasaidizi gani?"

"Hao sita wa kwenye chupa. Kazi kama hii fundi haifanyi peke yake."

Kenge akarudi jalalani. Ngap, ngap, ngap, mara sita.

Wakala. Ikaja habari ya mbao. Kenge akaenda kwa watu, akang'oa mlango wa banda la bata, akauburuta mpaka pangoni, jasho linamtoka. Kidawa akauzunguka, akaugonga kwa kidole, akautia sikio.

"Hii ina fundo, bwana. Rudisha."

Akarudisha. Akaleta mbao nyingine.

"Hii mbichi, bwana. Rudisha."

Akarudisha. Wenye banda la bata walishangaa sana wiki ile, mlango unaondoka asubuhi, unarudi jioni, na mwenye kuurudisha hajulikani.

Mbao zilipopatikana, Kidawa akasema, "Sasa tunahitaji mkeka. Utundike hapa katikati. Fundi akitazamwa, mbao zinapinda."

Kenge akatundika mkeka. Vyura na chupa zao upande huu, yeye upande ule, mlangoni, anasikiliza. Na humo ndani kazi ikaanza. Wa kwanza akafanya msumeno: kere-kere-kere, kere-kere-kere. Wa pili akafanya nyundo: ko, ko, ko. Wa tatu akafanya randa: shwaa, shwaa. Mashavu alipewa kazi ya kuguna kila baada ya muda, kama mtu aliyebeba kitu kizito. Yote kwa midomo, watoto. Mbao zilikuwa zimelala pale chini, hakuna aliyezigusa. Kidawa mwenyewe alikuwa chali anapunga upepo, anasema, "Shika vizuri hapo. Hapohapo. Usilegeze."

Kenge kule nje anasikia kere-kere-kere, ko, ko, ko, shwaa, shwaa. Moyo wake mweupe.

Asubuhi akaita, "Fundi, kabati?"

"Kabati tayari, bwana. Imebaki randa tu."

"Lini?"

"Kesho."

Kesho yake akaita, "Fundi, kabati?"

"Kabati tayari, bwana. Imebaki gundi tu ikauke."

"Lini?"

"Kesho."

Kesho yake akaita, "Fundi, kabati?"

"Kabati tayari kabisa, bwana. Imebaki msasa tu. Lakini leo sifanyi kazi, nina msiba. Bibi yangu amefariki."

"Pole sana, fundi. Lini?"

"Kesho."

"Bi Saumu, gundi kweli lazima ikauke."

Mmesikia? Huyo ni fundi Chande, anawatetea wenzake. Kunywa chai, baba. Gundi ya kabati langu imekauka mpaka imezeeka. Ngojeni kidogo, niingie ndani nichukue sukari, naona kikombe chake kimepungua utamu.

Haya, nimerudi. Tulikuwa wapi? Kwenye msiba.

Siku tatu baadaye Kenge akaita, "Fundi, kabati?"

"Tayari, bwana, limebaki vanishi tu. Lakini nina msiba. Bibi yangu amefariki."

Kenge akafikiri, na kufikiri kwake kulichukua muda. "Si alifariki juzi?"

"Yule alikuwa wa kwa mama. Huyu wa kwa baba."

"Pole sana, fundi."

Siku mbili baadaye bibi akafariki tena.

"Fundi, bibi wako wangapi?"

"Huyu alikuwa jirani, bwana, lakini ndiye aliyenilea. Naona uchungu kuliko wale wawili."

Na Mashavu kule chupani akalia kwa sauti, kwa sababu yeye ni mtu wa huruma, alisahau kwamba bibi huyo hayupo. Kenge akaona aibu, akaenda kuwaletea inzi wa matanga.

Mwisho ikafika mahali Kenge anaita, "Fundi, uko wapi?" Na Kidawa yuko palepale nyuma ya mkeka, hatua tatu kutoka puani kwake, anajibu, "Niko njiani nakuja, bwana, hapa nimeshafika darajani." Na Kenge anashukuru. Roho inaniuma nikifika hapa, maana hata mimi niliwahi kushukuru.

Siku zikapita kumi na moja. Vyura wakanenepa. Kenge akakonda. Mvua hakuna.

Siku ya kumi na mbili akarudi Bi Kenge, ambaye alikuwa kwao akimuuguza mama yake. Akamkuta mumewe amelala mlangoni, anatabasamu.

"Umelala nini wewe mwanamume saa nne hii?"

"Nasikiliza kabati langu. Limebaki vanishi tu."

Bi Kenge hakuwa mtu wa kusikiliza kabati. Akaenda moja kwa moja kwenye mkeka, akauvuta. Prrr. Akaona mbao tatu zimelala chini, vumbi juu yake. Akaona msumari mmoja. Akaona vyura saba wanono, mmoja kafumba macho, anaendelea tu peke yake: kere-kere-kere, kere-kere-kere.

Yule wa msumeno akafumbua macho, akasema, "Ko?" kwa sauti ndogo.

Kenge akanguruma mpaka udongo ukadondoka darini. "Nimekamata inzi siku kumi na moja. Nimelia misiba mitatu. Nakula sasa hivi."

"Kula," akasema Kidawa. "Kula chini. Mama mkwe akija atakukuta na chupa tupu mavumbini. Atakwenda kulala kwa Mamba."

Bi Kenge masikio yakamsimama, na kenge masikio yenyewe ni matundu tu. "Mamba ana kabati?"

"La rafu tatu, mama."

"Dada yangu ana kabati, na mimi sina?"

"Ndiyo hivyo, mama."

Bi Kenge akamgeukia mumewe. "Hakuna kula. Kabati kwanza."

Kenge akapiga mkia chini. "Basi leo. Kabla jua halijatua. Leo liishe mbele ya macho yangu, na likiisha nakula, mke wangu asinizuie."

"Leo," akasema Kidawa. Ikabidi liwe leo kweli, hapakuwa na bibi tena wa kufariki.

Akaruka, tupa, akakaa juu ya kichwa cha Kenge. Akaanza kuagiza. "Bwana, shika ubao huu. Mama, shika huku. Inua. Teremsha. Kushoto. Siyo huko, kushoto kwangu." Vifaa hakuna, kwa hiyo meno ya Kenge yakawa msumeno, kere-kere-kere. Mkia wake ukawa nyundo, ko, ko, ko. Magamba ya mgongo wake yakawa msasa, analala chali juu ya ubao, anajisugua huku na huku, shwaa, shwaa, shwaa. Kupima wakapimia mkia uleule, na mkia kila mara ukichoka unajikunja, kwa hiyo kila mguu wa kabati ukatoka na urefu wake.

Jua linateremka, wanagonga. Jua linateremka, wanagonga. Kidawa kila akiinua macho anatafuta wingu, haoni. Na jua likiwa juu ya matete, kabati likasimama. Rafu juu, rafu katikati, rafu chini. Miguu mitatu chini, mmoja unaning'inia. Likayumba, kwiii, likatulia.

"Imebaki kigae kidogo tu hapo chini ya mguu," akasema Kidawa.

Kenge akasukuma kigae kwa kidole. "Panda chupani, fundi."

Kidawa akapanda chupani mwenyewe, akafunikwa. Chupa zikapangwa, mbili chini, mbili katikati, tatu juu. Bi Kenge akasogea nyuma, akatazama, akainamisha kichwa upande huu, akainamisha upande ule. Akaenda kwenye sanduku lake la harusi, akatoa vitambaa vya kufuma, vyeupe, akatandika kimoja chini ya kila chupa. Akarudi tena sandukuni, akatoa maua ya plastiki, akayaweka katikati. Machozi yakamlengalenga.

Kenge akajilamba. Akanyoosha mkono. Makucha yakaigusa chupa ya Mashavu, ting. Mashavu akafumba macho. Vyura wote wakafumba macho, isipokuwa Kidawa.

Kidawa akasema polepole, "Mama. Anatoa cha kabatini."

Pa! Kofi la mkononi.

"We mwanamume una wazimu?" akasema Bi Kenge. "Hivyo ni vya kabatini."

"Lakini ni vyura wangu."

"Walikuwa wako walipokuwa chini. Sasa ni vya kabatini. Vya kabatini ni vya wageni."

"Nina njaa, mke wangu."

"Huko nyuma kuna panzi kwenye bakuli la bati. Kale huko, tena usimwage."

Sasa ndiyo nawaambia alichokiona Kidawa kule nyuma ya mtungi wa maji. Kiangazi kizima aliwaona wale watu wakinywa chai kwenye vikombe vya plastiki vilivyopasuka, na kabatini kuna vikombe kumi na viwili vyenye mstari wa dhahabu. Mtoto akivisogelea anafinywa. Wageni walikuja, wageni wakaondoka, havikutoka. Harusi ikaja, havikutoka. Kidawa akajua siku ile kwamba duniani hakuna mahali salama pa kukaa kama kabatini. Mnacheka. Mmewahi kunywea vikombe vyangu vya maua ya buluu? Basi, nyamazeni.

Kesho yake akaja mama mkwe, ameshapona. Kenge akafurahi mpaka akamkumbatia, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Mgeni amefika. Tutoe?"

"Mama si mgeni," akasema Bi Kenge. "Mama ni mtu wa nyumbani."

Wiki ikapita, akaja Mamba mwenyewe, kaja kuliangalia kabati, maana ameambiwa na yeye analo la namna hiyo, na kwake hana. Akalitazama, akakosa usingizi wiki mbili. Kenge akanong'ona, "Huyu je? Huyu mgeni."

"Mamba? Na domo lile, avunje chupa zangu? Hao ni wa mgeni wa heshima."

"Mgeni wa heshima ni nani?"

"Akija tutamjua."

Basi Kenge akakaa kungoja mgeni wa heshima. Na kwa kuwa Bi Kenge hakutaka kuonekana na vyura waliokonda, Kenge aliendelea kukamata inzi, ngap, ngap, ngap. Asubuhi anafuta chupa. Jioni anakunja vitambaa. Jumamosi anatoa vumbi kwenye maua ya plastiki. Akawa kenge mwembamba, msafi, anayenukia achari.

Mpaka siku moja adhuhuri mbingu zikafunga. Ngurumo, gudu-gudu-gudu. Tone la kwanza, ndo. La pili, ndo. Halafu ndondondondo, mvua ikamwagika.

"Maji safi hayo," akasema Bi Kenge. "Toa chupa nje, fungua vifuniko, zioshwe. Kesho pengine mgeni wa heshima atakuja."

Kenge akasema, "Mke wangu, nikifungua..."

"Unanifundisha kuosha vyombo?"

Kenge akazitoa chupa nje, akafungua vifuniko. Maji yakaingia. Chupa ikajaa robo, chura akapanda robo. Ikajaa nusu, chura akapanda nusu. Ikajaa mpaka mdomoni, chura akafika mdomoni, akatoka zake bila kuharakisha. Pwa, akatoka wa kwanza. Pwa, wa pili. Mashavu akakwama shingoni, wakamvuta, pwa. Bwawa likawa limeshafufuka, matete yanaogelea.

Kidawa akatoka wa mwisho. Akakaa ukingoni mwa chupa, mvua inampiga mgongoni, akamtazama Kenge machoni.

"Bwana, lile kabati. Mguu mmoja mfupi. Siwezi kuiacha kazi yangu vile. Nitakuja kuurekebisha."

Kenge moyo ukamrudi. "Lini?"

"Kesho."

Pwa.

Bi Kenge akazirudisha chupa kabatini, safi, zinang'aa, juu ya vitambaa vyake. Akasimama nyuma, akatazama. Chupa zipo, maua yapo. Hakuona kilichopungua. Na Kenge akaenda kukaa mlangoni, anamngoja fundi. Mpaka leo mvua ikinyesha mkasikia huko mabondeni kere-kere-kere, ko, ko, ko, jueni kuna mtu kaagiza kabati, kalala mlangoni, anasikiliza, moyo wake mweupe.

Funzo la ngano hii ni nini? Msiinue mikono, nasema mwenyewe. Funzo ni kwamba uongo haufai kabisa. Mmeona Kidawa tabu aliyoipata, kanenepeshwa, kaogeshwa, kapangwa juu ya kitambaa cha harusi. Na la pili, fundi akikuambia kesho, mwamini, mpe na chai.

"Bi Saumu," anasema fundi Chande, "mimi nimekuelewa. Ngoja niwahi. Kabati lako kusema kweli limekwisha, limebaki vanishi tu, nakuletea kesho. Hivi viatu vyangu nimeviacha wapi? Si hapa mlangoni?"

Viatu vyako nimevihifadhi, baba, nilipokwenda kuchukua sukari. Viatu vizuri vya ngozi vile haviachwi mlangoni. Nimeviweka kabatini.

"Kabati lipi?"

Hilo unalosema limekwisha. Lilete, tulifungue, utoe viatu vyako uvae. Hapa kwetu mchanga wa moto, lakini si mbali, utatembea pembenipembeni.

Haya watoto, tufunge. Ngano imekwenda wapi?

Imekwenda kabatini.

Na viatu viko wapi?

Viko kabatini.

Na kabati liko wapi? Fundi, na wewe itikia.